Saa 1,150 za helikopta zinatosha kuingia shirika la ndege?

*"Kapteni, salamu nyingi. Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa, sasa ni raia wa Marekani, nina miaka 34. Niliingia jeshi la nchi kavu la Marekani nikiwa fundi wa helikopta, baadaye nikawa afisa mteule na kupelekwa shule ya urubani Fort Rucker, Alabama. Narusha Black Hawk, kambi yangu ni Fort Campbell. Nimetumikia miaka 14 na deni la utumishi nililobeba kwa ajili ya mafunzo ya urubani nimeshalimaliza. Nina saa kama 1,150 za helikopta. Za ndege ya kawaida hazifiki 30, zote kwenye Cessna 172 nikiwa na mwalimu. Rafiki mmoja ananiambia sheria inataka saa 750 tu kwa wanajeshi, kwa hiyo nitoke mwaka huu niombe kazi kwenye mashirika ya kikanda. Mwingine anasema saa za helikopta si kitu, nitaanza upya kama kijana wa chuo. Mgongo unanisumbua, na niliporudi kutoka Iraki nilionana na mshauri nasaha kwa miezi kadhaa. Wenzangu wananiambia nisiyaandike hayo kwenye fomu ya daktari wa marubani. Mke wangu anauliza kwa nini nisivumilie nifikishe miaka 20 nipate pensheni. Tuna watoto wawili. Nifanye nini? Na je, siku moja naweza kurudi kurusha ndege nyumbani?"*

Ndugu yangu, salamu zimefika. Swali lako ni moja kwa jina tu. Ndani yake kuna sheria, kuna hesabu, kuna daktari na kuna ndoa. Hao rafiki zako wawili kila mmoja ameshika nusu ya ukweli na kuifanya ukweli mzima, ndiyo maana umebaki njia panda. Msimamo wangu nautoa mapema usihangaike kuutafuta chini: usiandike barua ya kuacha jeshi mpaka uwe na mambo mawili mkononi. La kwanza ni cheti cha afya cha daraja la kwanza. La pili ni saa 250 za ndege ya mabawa ukiwa wewe ndiye rubani mkuu kisheria. Na uyatafute kwa mpangilio huohuo, afya kwanza.

Tuanze na hizo 750, kwa sababu ndizo zinazowapoteza wengi. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, shirika la kikanda (yale madogo yanayorusha safari fupi kwa niaba ya mashirika makubwa), aina ya Dash 8 Q400, ilikuwa inakaribia kutua Buffalo, jimbo la New York. Mwendo ukapungua kupita kiasi bila marubani kushtuka. Usukani ulipotikisika kuwaonya kwamba mabawa yanakaribia kuacha kubeba, kapteni akavuta badala ya kusukuma. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria lazima awe na leseni ya juu kabisa, ile inayoitwa ATP, ambayo kwa kawaida inadai saa 1,500. Kabla ya hapo kijana mwenye leseni ya biashara (ya kuruka kwa malipo) na saa 250 aliweza kuketi kiti cha kulia.

Ndani ya sheria hiyo waliwekwa pembeni watu wachache wenye nafuu, na wa kwanza ni rubani wa jeshi la Marekani. Ukiwa umehitimu shule ya urubani ya jeshi, ukaondoka kwa heshima au bado unatumikia, na hujawahi kuondolewa kwenye kuruka kwa utovu wa nidhamu wala kwa kushindwa kazi, unaweza kuomba ATP yenye masharti kwa saa 750 za jumla. Rafiki yako wa kwanza yuko sahihi hapo. Tena jumla hiyo haibagui: saa ya helikopta inahesabiwa sawa na saa ya ndege. Kwa jumla peke yake, wewe umepita zamani, na huyo anayesema saa zako si kitu anakuonea.

Ila jumla ni mlango wa nje tu. Ukishaingia unakutana na vyumba, na kila kimoja kina kiasi chake. Saa 100 za usiku. Saa 75 za kuruka kwa vyombo, iwe mawinguni kweli au ukiwa umefunikwa usione nje. Saa 200 za safari za masafa (ATP kamili isiyo na masharti inadai 500). Saa 50 za ndege yenye injini zaidi ya moja, ambazo 25 kati yake zinaweza kutokana na mafunzo kwenye simyuleta kamili (mashine inayoiga ndege) ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Halafu kuna kile chumba kinachowakwamisha marubani wa helikopta karibu wote: saa 250 za urubani mkuu, kwenye ndege ya mabawa, na ndani yake ziwemo 100 za masafa na 25 za usiku. Black Hawk haisaidii hapo hata kwa dakika moja. Wewe hujafikisha hata 30, na kwa kuwa ulikuwa mwanafunzi, huenda za urubani mkuu ni sifuri.

Kwa hiyo ukitoka mwaka huu ukaomba kazi, kompyuta ya shirika itakutupa nje kabla mtu hajasoma jina lako. Pengo lako si miaka, ni saa zipatazo 250 za aina moja. Hilo linazibika, na linazibika vizuri zaidi ukiwa bado unapokea mshahara wa jeshi.

Kabla hujalipa senti ya kukodi ndege, kaa na kumbukumbu zako za kijeshi. Ile fomu ya jeshi, DA 759, inajumlisha saa kwa namna ya jeshi: mchana, usiku, miwani ya usiku, vyombo, na kadhalika. Haikuandikii safari za masafa. Sasa, kwa leseni ya ATP, safari ya masafa ni ile iliyokupeleka zaidi ya maili 50 za baharini kwa mstari ulionyooka kutoka ulikoondokea, hata kama hukutua huko. Nimewaona marubani wa helikopta wakiandika saa 60 za masafa wakati kumbukumbu za safari zao, zikikaliwa kitako siku mbili tatu, zinaonyesha 300. Chukua daftari jipya, pitia safari moja moja, andika tarehe, namba ya mkia, ulikotoka na ulikofika. Kazi ya kuchosha kweli, lakini ni ya bure.

Kwenye daftari hilohilo tenganisha mambo mawili. Jeshi linakuita rubani mkuu pale ulipotia sahihi na kubeba dhamana ya helikopta. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inakuruhusu pia kuandika saa ambazo wewe peke yako ulishika usukani ukiwa na leseni ya aina hiyo ya chombo. Mashirika mengi kwenye fomu zao yanataka ile ya kwanza tu. Weka safu mbili, usizichanganye. Vilevile utasikia kwamba kila safari ya kijeshi inaongezewa 0.2 au 0.3 ya saa kwa sababu jeshi halihesabu muda wa kutambaa uwanjani. Hiyo ni nafuu ya baadhi ya mashirika kwenye fomu zao za ajira. Usiipeleke FAA, na usiiandike daftarini kama saa uliyoruka.

Sasa namna ya kuzipata hizo 250. Kwa cheo chako cha urubani wa jeshi unaweza kufanya mtihani mmoja wa maandishi, ule wa umahiri wa kijeshi, ukapewa leseni ya biashara ya helikopta na ruhusa ya vyombo bila jaribio la kuruka. Kama hujafanya, fanya wiki hii. Hapo utakuwa unaongeza ndege ya mabawa juu ya leseni uliyo nayo, huanzi kama kijana wa chuo. Ukishapata ruhusa ya ndege ya injini moja, kila saa unayoshika usukani ni ya urubani mkuu.

Kukodi Cessna huko uliko kunaweza kukugharimu dola 150 au zaidi kwa saa pamoja na mafuta. Zidisha mara 250 uone: dola 37,500. Zipo njia za kuipunguza hiyo. Baadhi ya kambi zina klabu za kuruka zenye bei ya chini. Marubani wawili hugawana gharama, mmoja akiruka amefunikwa macho yasione nje na mwenzake akilinda usalama, na kwa masharti fulani wote wawili huandika urubani mkuu, ingawa anayelinda haandiki masafa. Njia ninayoipenda mimi ni ualimu. Ukiwa na leseni ya mkufunzi wa ndege, saa unazofundisha ni za urubani mkuu na mwanafunzi ndiye anayelipa. Kama jeshini wewe ni rubani mkufunzi, uliza pia kuhusu kubadili sifa hiyo iwe ya kiraia, maana ipo njia ya mkato.

Fedha za elimu ya wanajeshi, ile GI Bill ya baada ya Septemba 11, zinalipia mafunzo ya urubani kwenye shule zilizoidhinishwa, ila kwanza uwe na leseni ya rubani binafsi na cheti cha afya, na kuna kikomo kwa mwaka. Hazilipi ukodishaji wa kujikusanyia saa tu. Na kama umeshawahamishia watoto wako haki hiyo, fikiri mara mbili kabla ya kuirudisha kwako. Miaka ya 2017 hadi 2019 mashirika kadhaa ya kikanda yalikuwa na uhaba mkubwa hata yakawalipia marubani wa helikopta saa hizi zote. Usipange maisha yako ukitegemea hilo. Hamu ya mashirika hupanda na kushuka: 2021 hadi 2023 yalikuwa yakimchukua karibu kila mwenye sifa, 2024 yakapunguza ghafla, na watu waliokuwa na barua za ajira wakasubirishwa darasa.

Nije kwa daktari, na hapa naomba usome polepole.

Wenzako wanaokwambia usiandike mgongo na mshauri nasaha wanakupenda, lakini wanakupeleka shimoni. Fomu ya afya ya FAA inauliza maradhi uliyowahi kuwa nayo, wahudumu wa afya uliowaona ndani ya miaka mitatu, na kama unapokea malipo yoyote ya ulemavu. Sasa fikiria utakavyotoka jeshini: utapeleka maombi ya fidia Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, VA, na utaeleza mgongo wako na usingizi wako kama ulivyo, kwa sababu ni haki yako. Serikali ni moja. Mwaka 2023 FAA ilitangaza kwamba inachunguza marubani wapatao 4,800, wanajeshi wa zamani, ambao faili zao za VA zilisema jambo moja na fomu zao za urubani zikasema jingine. Wengi waliruhusiwa kusahihisha na kuendelea na kazi. Wengine walisimamishwa. Kudanganya kwa makusudi kwenye fomu ile kunaweza kukunyang'anya leseni zako zote kwa mpigo, na ni kosa la jinai la shirikisho.

Ajabu ni kwamba kinachofichwa mara nyingi hakikuwa kizuizi. Mgongo unaouma lakini haukulazimishi kumeza dawa kali za maumivu ni jambo ambalo daktari wa marubani hulimaliza kwa barua na vipimo. Kukosa pumzi usingizini, maradhi ya wanajeshi wengi, huruhusiwa ukitumia mashine na ukionyesha kumbukumbu za matumizi. Kuzungumza na mshauri nasaha baada ya vita, bila dawa na bila ugonjwa uliothibitishwa, si mwisho wa safari. Kama kulikuwa na jina la ugonjwa kwenye faili, au dawa za usingizi au za msongo, njia inakuwa ndefu zaidi, pengine miezi mingi na wataalamu kadhaa. Ndiyo sababu nasema afya itangulie: ukijua leo kwamba jibu litachukua mwaka, mwaka huo uupitie ukiwa na mshahara.

Utaratibu ni huu. Usijaze fomu ya mtandaoni ya FAA kwanza. Ukishaituma na kukaa mbele ya daktari, uamuzi lazima utolewe, na ukikataliwa umekataliwa rasmi. Omba kwanza miadi ya ushauri tu na daktari aliyeidhinishwa na FAA, ana kwa ana, mwenye uzoefu na wanajeshi. Nenda na faili lako lote la matibabu la jeshini, siyo muhtasari. Mwulize: nikiomba leo utanipa, utaahirisha, au utanikatalia, na unahitaji karatasi zipi? Utakapojaza, utalingana na ulichoambia VA neno kwa neno. Kama kwenye faili kuna ugonjwa wa akili uliotajwa kwa jina, tafuta pia mshauri wa afya za marubani au wakili wa mambo ya anga kabla ya kutuma chochote. Mimi ni rubani na mkufunzi, siwezi kukusomea faili hilo kutoka hapa. Na kama bado hulali vizuri, rudi kwa mshauri nasaha. Usijinyime matibabu kwa kuogopa fomu.

Ukifikisha miaka 35 fomu inakuja na kipimo cha umeme wa moyo, na kuanzia 40 ni kila mwaka, huku cheti cha daraja la kwanza kikidumu miezi sita badala ya kumi na miwili. Umebakiza muda mfupi, nenda.

Shemeji naye anauliza swali zuri kuliko yote uliyoniletea. Umebakiza miaka sita ufikishe 20. Kwa kuwa uliingia kabla ya 2018, kama hukuhamia mfumo mpya, pensheni yako itakuwa nusu ya wastani wa mshahara wa msingi wa miaka yako mitatu ya juu, kila mwezi, kuanzia siku unapotoka, ukiwa na miaka 40, pamoja na bima ya afya ya familia. Kama ulihamia mfumo mpya ni asilimia 40. Ukitoka na miaka 14 bila kuendelea popote, pensheni hiyo haipo. Hilo si jambo la kupuuza.

Upande wa pili kuna kitu ambacho raia wa kawaida hakielewi kuhusu mashirika ya ndege ya Marekani: kila kitu kinaamuliwa na tarehe uliyoingia. Ndege utakayorusha, mji utakaokaa, Krismasi utakayokula nyumbani, lini utakuwa kapteni, nani atapunguzwa kwanza mambo yakiharibika. Saa zako za vita hazikusogezi hata hatua moja mbele kwenye orodha hiyo. Aliyeingia wiki moja kabla yako, hata awe kijana wa miaka 23, atachagua kabla yako mpaka atakapostaafu. Kwa kuwa sheria inawastaafisha marubani wa mashirika wakiwa na miaka 65, miaka sita ya kusubiri ni sita ya juu kabisa inayokatwa mwisho wa safari, pale malipo yanapokuwa makubwa. Hesabu ya vijiweni inaishia hapo na kusema: toka sasa.

Mimi siishii hapo, kwa sababu mbili. Orodha hiyo ina thamani shirika likiwa hai tu. Aprili 2020, Trans States na Compass zilifungwa ndani ya siku chache, na kapteni wa miaka mingi akaamka hana namba. Pili, ipo njia ya katikati: jeshi la akiba, hasa National Guard ya jimbo. Unatoka jeshi la kudumu, unaendelea kurusha Black Hawk wikiendi na siku za mazoezi, miaka yako 14 haipotei bali inaendelea kuhesabiwa kuelekea 20. Malipo ya pensheni hiyo kwa kawaida huanza ukiwa na miaka 60, na ni madogo kuliko ya mtu aliyekaa moja kwa moja. Hata hivyo unapata bima ya afya ya bei nafuu, na kuna sheria ya 1994 inayomzuia mwajiri kukufukuza kwa sababu ya utumishi: ukiitwa kazini, ndani ya kikomo cha miaka mitano kwa jumla, unarudi ukiwa palepale ambapo ungekuwa kwenye orodha.

Ningekuwa mimi, mwenye watoto wawili na mgongo unaouma, ningefanya hivi: mwaka huu daktari na daftari, mwaka huu na ujao saa za ndege nikiwa bado na gwanda, kisha, cheti kikiwa safi na saa zimetimia, ningetazama soko. Soko likiwa wazi, naingia Guard na shirika kwa pamoja. Soko likiwa limefunga, nakaa jeshini bila majuto, maana kila mwaka unaopita pensheni ya 20 inazidi kuwa karibu. Ukishafika miaka 17 au 18 jibu langu linabadilika: maliza. Miaka 25 ya kurusha ndege kutoka 40 hadi 65 bado ni maisha mazima ya kazi. Ukitoka, uliza pia kuhusu SkillBridge, mpango unaoruhusu kutumia miezi ya mwisho ya utumishi kwa mwajiri wa kiraia huku jeshi likikulipa. Inahitaji kibali cha kamanda, na si haki yako ya moja kwa moja.

Kuhusu fedha, hali si ile ya zamani ya marubani wasaidizi kulala kwenye viti vya uwanja kwa kukosa kodi. Mwaka 2022 mashirika ya kikanda yanayomilikiwa na American Airlines, yaani Envoy, Piedmont na PSA, yalipandisha malipo ya kuanzia ya rubani msaidizi hadi dola 90 kwa saa. Ila saa inayolipwa ni ya kuruka, si ya kazini. Ukichukua 75 za uhakika kwa mwezi unapata kama dola 81,000 kwa mwaka. Linganisha na mshahara wako wote, ukikumbuka kwamba posho yako ya nyumba haikatwi kodi na bima ya watoto hulipi. Mwaka wa kwanza huenda ukashuka kidogo. Na utakuwa kwenye zamu ya kusubiri: simu mkononi, ukiitwa uwe uwanjani ndani ya muda mfupi, pengine katika mji ambao si Nashville, ulio karibu na kambi yako. Familia ikibaki Clarksville, hapo kando ya kambi, na wewe ukapangiwa Dallas, siku zako za mapumziko zitaliwa na safari za kwenda na kurudi kazini. Mkae mzungumze hilo na shemeji kabla ya jambo jingine lolote.

Kuna jambo moja hukuniuliza na ndilo linalowaangusha wa helikopta kwenye mafunzo. Shirika litakupeleka kwanza kwenye kozi ya lazima kabla ya mtihani wa ATP, saa 30 za darasani na 10 za simyuleta, na mengi hulipia wenyewe. Baada ya hapo ndipo ndege yenyewe, tuseme E175 ya abiria 76. Nakaa nyuma ya mtu wa Black Hawk kwenye simyuleta, tuko futi 3,000, uwanja unaonekana. Anajiona yuko juu. Mkono unarudisha nguvu, pua inainuka kidogo kupunguza mwendo, kama alivyofanya mara elfu. Helikopta hapo ingeshuka na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja mpaka isimame juu ya alama. Jeti haijui hayo. Ukiinua pua haishuki, ukiishusha inakimbia. Ni kama lori lenye mzigo linaloteremka Mai Mahiu: mwendo unaupunguza juu kabla ya mteremko, ukiusubiri katikati umechelewa. Futi 1,000 zinafika, magurudumu yametoka lakini mwendo uko juu na injini zimelala. Utaratibu unasema rudi hewani, na yeye bado anajaribu kuiokoa, kwa sababu kazi ya jeshi ilimfundisha kufikisha askari bila kurudi. Injini za jeti nazo hazijibu papo hapo. Ukizilaza kabisa, zinachukua sekunde kadhaa kuamka, na sekunde hizo ukiwa chini hunazo.

Dawa yake si kipaji. Jifunze maneno na mfuatano wa mikono wa shirika kama sala, mbele ya picha ya chumba cha marubani uliyoibandika ukutani, kabla ya siku ya kwanza ya simyuleta. Kubali kurudi hewani mapema. Na pata angalau baadhi ya zile saa 250 ukiruka kwa vyombo, kwenye anga yenye msongamano, ukizungumza na waongozaji, badala ya kuzunguka uwanja wa kijijini siku za jua. Wenye kiburi cha mwanajeshi hupata shida zaidi kuliko wenye saa chache. Pia ujue ukapteni hauji haraka: unahitaji saa 1,000 ndani ya shirika. Sheria inawapunguzia baadhi ya wanajeshi hadi 500, lakini ni waliokuwa marubani wakuu wa ndege za mabawa zenye injini zaidi ya moja za turbini. Wewe utazitafuta zote.

Kuhusu kurudi nyumbani: inawezekana, ila leseni ya FAA haifanyi kazi yenyewe Kenya. Itabidi uibadilishe au uithibitishe kwa mamlaka ya anga ya Kenya, KCAA, na utaratibu huo uuombe kwao moja kwa moja kabla hujafunga mizigo. Saa 1,500 unazozisoma kila mahali ni sharti la Marekani. Kenya na Tanzania rubani msaidizi anaweza kuanza na leseni ya biashara na mafunzo ya aina ya ndege, kwa hiyo nafasi chache zilizopo zinagombewa na vijana wengi wenye saa chache. Utakachoshindana nacho wewe ni uzoefu wa jeti. E175 ni ndugu wa E190 za Kenya Airways, na miaka kadhaa kwenye kiti hicho itazungumza kuliko saa za Black Hawk. Mshahara wa huko na pensheni ya jeshi la Marekani vikikutana, hesabu inaweza kuwa tamu. Bila pensheni, sikushauri urudi mapema.

Ukishatoka kwa daktari, niandikie tena. Nitajie alichosema juu ya mgongo na zile ziara za mshauri nasaha kwa maneno yake, na uniletee safu za daftari lako jipya: usiku, vyombo, masafa, na urubani mkuu wa kutia sahihi ukiwa peke yake. Hapo nitaweza kukwambia uanze na klabu ya kambi au na leseni ya ukufunzi.